Miaka 19 Minnesota, hesabu inaniita Texas, ila nimejikuta naitetea Minnesota kama kwetu Mwanza

Mzee wa Theluji (Brooklyn Park, Minnesota)

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu kidogo, wenye haraka mtanisamehe.

Niliingia Minnesota Novemba 2006. Sikuichagua. Binamu yangu alikuwa hapa, na mtu anayefika nchi ya watu na begi moja hachagui jimbo, anachagua kochi la kulalia. Nilijiwekea miaka miwili, nipate pa kushika nihamie kwenye joto. Leo ni Oktoba 2025, nina mke, watoto watatu, nyumba ya mkopo na machepe matatu ya theluji.

Sasa hesabu. Mimi ni fundi wa hita na viyoyozi, mke wangu ni nesi wa LPN, leseni ya ngazi iliyo chini ya nesi kamili. Mwaka jana tuliingiza dola 118,000 kwa pamoja, na kodi ya mapato ya jimbo peke yake ilikula dola 5,300 na ushee. Minnesota ngazi ya chini kabisa ni asilimia 5.35, ya juu 9.85. Texas ni sifuri. Shemeji yangu yuko Arlington, kila tukiongea ananiambia, "Shemeji, hiyo hela unamwachia nani?" Na kwa fundi wa viyoyozi, Texas mtu hahitaji kupigiwa debe. Kule kiyoyozi kikifa Julai mteja anakupigia simu analia.

Basi Julai mwaka huu tukaenda kwao siku kumi, birthday ya mtoto wao, na mimi kimoyomoyo natazama nyumba. Kilichonileta hapa jukwaani kilitokea kwenye hiyo birthday.

Watoto walikaa duara kwenye nyasi kucheza ule mchezo wa kuzunguka unagusa vichwa vya wenzako. Marekani nzima wanasema bata, bata, bata, halafu bata bukini, unayemgusa hapo anainuka kukukimbiza. Minnesota hakuna bata bukini. Huku ni bata wa kijivu, na mzungukaji anawataja wengine kwa rangi: bata mwekundu, bata wa njano, bata wa bluu... Binti yangu wa mwisho, miaka saba, akaanza kucheza kwa sheria za kwao Minnesota. Wakamcheka. Akasema nyinyi ndio mnakosea. Wakamcheka zaidi, akaja kwangu machozi yanamtoka.

Na mimi, mtu mzima wa miaka 44, sahani ya nyama mkononi, nikawakalisha wale watoto na wazazi wao wawili nikawaeleza kwa nini bata wa kijivu ni bora. Kwamba bata bukini ukimsikia tu unajua, lakini huyu wa rangi anakuweka roho juu, maana kijani na kijivu kwa Kiingereza vinaanza na sauti moja, hujui uinuke au ukae. Nilizungumza dakika tano nzima. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa mbali kama hanijui.

Usiku nikajiuliza: huyu aliyekuwa anaongea ni nani? Miaka 19 nimelaani hili jimbo kila Januari. Lini limekuwa langu?

Waliohama majimbo nisaidieni. Mlipimaje? Na waliobaki, mnabaki kwa hesabu au kwa kitu gani?

Mgosi wa Dallas

Mzee, njoo. Mimi nilitoka Massachusetts 2016, sijajuta hata wiki moja. Texas ilikuwa nchi kamili, 1836 mpaka 1845, na mpaka leo watu wake wanatembea kama wenye nchi. Wanangu kila asubuhi shuleni wanaapa kwa bendera ya Marekani, halafu wanaapa kwa bendera ya Texas. Mwanzoni nilishangaa. Sasa wakienda kwa bibi yao Muheza wanamwapia hicho kiapo chote, bibi anapiga makofi.

Huku kila kitu kina nafasi. Uwanja, barabara, sahani. Na hutatoa gari kwenye theluji na chepe saa kumi na moja alfajiri kama mfungwa.

Kiboko ya Boksi (Kent, Washington)

@Mgosi wa Dallas na Februari 2021 mbona umeiruka?

Mgosi wa Dallas

Sijairuka, mkuu, umeniwahi tu. Baridi ile ilikuwa mbaya, siwezi kukataa. Gridi ya umeme ya Texas karibu yote inajitegemea, nyaya za kuungana na majirani ni chache, kwa hiyo ilipozidiwa hakukuwa na wa kutukopesha umeme wa kutosha. Jimbo lenyewe lilihesabu vifo 246. Sisi tulikaa siku tatu bila umeme, wanangu wanne na mama yao kwenye chumba kimoja, tumeziba mlango kwa mataulo. Maji yaliganda kwenye bomba, bomba likapasuka, dari ya jikoni ikashuka kwenye jiko.

Lakini hiyo ni wiki moja katika miaka yote niliyokaa. Yeye ana miezi mitano kila mwaka.

Mzee wa Theluji

Kaka pole, hiyo ya dari sikuijua.

Ila nikwambie kitu. Tarehe 30 Januari 2019 hapa Minneapolis ilifika nyuzi −28 za Fahrenheit, hiyo ni −33 na kitu za Selsiasi. Siku hiyo hata posta haikuleta barua. Umeme kwangu haukukatika hata sekunde. Kilichokufa ni betri ya gari. Nimesimama nje kwenye barafu, pumzi inagandia kwenye ndevu, na nina mteja mzee ambaye hita yake imezimika. Jirani yangu mzungu, tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mitano na hatujawahi kuvuka "habari za asubuhi", akatoka na nyaya za kubusti. Hakusema kitu. Akafungua boneti yake, akachomeka, gari likawaka, akanyoosha kidole gumba, akarudi ndani. Mpaka leo hatujalizungumzia.

Wenyewe wana utani kwamba Mminnesota atakuelekeza njia ya kwenda popote isipokuwa kwake nyumbani. Ni kweli tupu. Lakini kwenye baridi hawakuachi.

Dada Mhasibu (Columbus, Ohio)

Nimekuja kuharibu sherehe. Watu wanaohama kwa ajili ya kodi wanatazama kodi moja tu, halafu nyingine zinawasubiri mlangoni. Hapa kwetu Ohio jimbo linajisifu limeshusha kodi ya mapato, halafu jiji la Columbus linakukata asilimia 2.5 ya mshahara kabla hujavua koti.

@Mzee wa Theluji, naomba namba tatu. Kodi ya majengo unayolipa sasa, bima ya nyumba, na riba ya mkopo wako pamoja na ulikopa kiasi gani.

Mzee wa Theluji

Kodi ya majengo 4,100 kwa mwaka. Bima 2,400. Mkopo niliubadilisha 2021, dola 210,000 kwa miaka 30, riba asilimia 2.875.

Dada Mhasibu

Ahsante. Mgosi, wewe wa Texas, nyumba yako?

Mgosi wa Dallas

Ina thamani kama 360,000. Kodi ya majengo 6,800, hapo msamaha wa mwenye makazi nimeshaupata. Bima... dada mbona unanivua nguo hadharani? 4,000. Mvua ya mawe huku ikinyesha ni mawe kweli.

Dada Mhasibu

Haya, tujumlishe. Mzee anaokoa 5,300 za kodi ya mapato. Anaongeza 2,700 za majengo na 1,600 za bima. Imebaki 1,000.

Sasa riba. Rejesho la mkopo wake, bila kodi wala bima, ni kama dola 871 kwa mwezi. Akiuza akakope hizo hizo 210,000 leo kwa asilimia 6.5, ni kama 1,327. Tofauti ni 456 kila mwezi, karibu 5,500 kwa mwaka. Ile 1,000 imeyeyuka, na ameingia hasara ya 4,500, bado hajakodi lori.

Kaka yangu, hiyo 2.875 ni mke wa pili. Hamwachani kirahisi.

Kiboko ya Boksi

😂😂 Mke wa pili.

Huku Washington nako ni hivyo hivyo. Wanasema hatuna kodi ya mapato ya mshahara, ni kweli. Nenda dukani Seattle, kodi ya mauzo imepita asilimia 10. Kwenye hati ya mshahara kuna asilimia 0.58 ya mfuko wa matunzo ya uzeeni na makato ya likizo ya familia. Kima cha chini cha jimbo mwaka huu wa 2025 ni dola 16.66 kwa saa, ukisikia ukiwa Texas kwenye 7.25 unatoa macho, ila subiri ulipe pango. Mimi nimebaki kwa sababu ya mlima. Siku mawingu yakifunguka ukauona Rainier umesimama pale mwisho wa barabara, unasahau bili kwa nusu saa. Kwetu ni Moshi, labda ndiyo sababu.

Nesi Mkongwe (Houston)

Naingilia upande wa shemeji yangu nesi, maana wanaume mnahesabu nyumba mnasahau leseni.

Texas iko kwenye mkataba wa leseni za unesi kati ya majimbo, Minnesota haimo. Kwa hiyo leseni yake ya Minnesota akija nayo huku ni karatasi. Ataomba ya Texas, alama za vidole, ada, kusubiri. Asiache kazi kabla haijatoka, nimeona watu wamekaa wiki nyingi bila kipato kwa haraka hiyo. Faida ni kwamba akishakuwa mkazi wa Texas anaweza kupata leseni ya mkataba, inafanya kazi kwenye majimbo zaidi ya 40.

Lakini aangalie na anachokiacha. Minnesota mnapata saa moja ya ruhusa ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 za kazi, kwa sheria, tangu 2024. Na tarehe 1 Januari 2026 mnaanza likizo ya familia na matibabu yenye malipo, wiki 12 kwa kila moja, mwisho 20 kwa mwaka ukiunganisha. Huku hayo ni huruma ya mwajiri. Na kazi ikikatika, Texas haijapanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mtu mzima mwenye afya asiye na kipato karibu hana mlango wa kugonga. Nafanya kazi mapokezi ya wagonjwa wa dharura, najua ninachosema.

Na mimi naipenda Texas. Sihami. Nimewaambia tu.

Ndugu wa Ohio River (Louisville, Kentucky)

Jambo ndugu zangu. Mimi ni Mkongomani wa Uvira. Nyinyi mnazungumza kuchagua, sisi wakimbizi tunapangiwa. Kambini Nyarugusu waliniambia "Kentucky", nikauliza iko karibu na New York? Mtu akacheka.

Mtu akishafika anaruhusiwa kuhama, hakuna wa kumfunga. Wenzangu wengi walikimbilia Iowa, wengine Maine. Mimi nilibaki, nitawaambia sababu hata kama ni ya kitoto. Wiki ya kwanza mtu wa shirika alitupitisha mtaa mmoja, akaonyesha jengo, akasema hili ni la Muhammad Ali, alizaliwa mji huu. Mzee wangu, aliyekuwa Kinshasa mwaka 1974, akasimamisha gari. Akashuka. Akasimama barabarani anasema *Ali boma ye, Ali boma ye*, yaani Ali, muue, mwenyewe, polepole. Alikuwepo uwanjani usiku ule wa pambano la Ali na Foreman, tarehe 30 Oktoba, kijana mdogo. Akasema: huyu alikuja kwetu, na sisi tumekuja kwake.

Tangu hapo mzee hataki kusikia jimbo lingine. Hata uwanja wa ndege wameuita jina la Ali tangu 2019, na mimi napakia mizigo ya usiku hapo hapo. Jiji linanikata asilimia 2.2 ya mshahara, jimbo asilimia 4 mwaka huu wa 2025. Acha wakate.

Sauti ya Nyikani

Mmemaliza? Mnanichekesha. Mtu wa Mwanza, mtu wa Muheza, mtu wa Moshi, wamekaa wanagombania majimbo ya wazungu kama wamerithi mashamba huko. Kwenu ni kwenu. Siku wakiwachoka mtajua mlikuwa wapangaji.

Mzee wa Theluji

Mkuu nimekusikia, na sikuchukulii vibaya, mimi mwenyewe nilikuwa naandika hayo hayo humu miaka kumi iliyopita.

Ila nikupe kisa. 2008 wenzangu wa kazini walinipeleka Duluth kunionyesha Ziwa Superior. Wanatamba, eti hujawahi kuona ziwa kama hili. Nikawaambia mimi nimekulia kwenye ziwa la pili kwa ukubwa wa eneo duniani kwa maji baridi, Nyanza, Victoria, kwa hiyo nimekuja kumtazama huyu wa kwanza ana nini. Walicheka sana. Nikasogea majini. Mawimbi yanapiga mawe kama pale kwetu Bwiru, upande wa pili hauonekani. Nilichota maji nikanawa uso, yakanichoma kama moto kwa ubaridi. Nikasema sawa, umeshinda, lakini kwa baridi tu.

Mwanza sijaiacha. Mama amezikwa kule. Lakini wanangu hawajui kuogelea Nyanza, wanajua kutoboa barafu wakavua samaki. Nikiwaambia nyumbani, wao wanatazama dirishani.

Mtoto wa Mchungaji

Shikamooni. Kiswahili changu si kizuri sana, nimekulia hapa, mtanirekebisha.

Nataka kusema kitu upande wa watoto maana hakuna aliyewauliza. Mimi nilikuwa na miaka 15, tulikuwa Cedar Rapids, Iowa. Tarehe 10 Agosti 2020 ulikuja ule upepo mkubwa, derecho. Ulikata sehemu kubwa ya miti ya mji. Mti wa mbele ya nyumba yetu ulilala juu ya paa. Baba akasema basi, tunaenda Georgia, kuna Watanzania wengi, kuna joto, nyumba nzuri. Hakukosea, nyumba ilikuwa kubwa zaidi.

Lakini nilimaliza miaka mitatu ya shule nikiwa mgeni. Nilikuwa natazama picha za mtaa wetu wa zamani kwenye ramani ya intaneti, picha za kabla ya upepo, miti bado imesimama. Sasa nina miaka 20, nasoma Atlanta, na mtu akiniuliza natoka wapi nasema Iowa. Hata mbele ya baba. Mwaka jana nilirudi peke yangu kwenye maonyesho ya jimbo kumwona ng'ombe wa siagi. Wanamchonga ng'ombe mzima kwa siagi, tangu 1911. Ni kitu cha kijinga kabisa na nililia pale kwenye kioo.

Mzee, wa kwanza wako ana miaka mingapi?

Mzee wa Theluji

Miaka 16, mwanangu. Anamaliza sekondari 2027.

Ahsante kwa kuandika. Na Kiswahili chako ni kizuri kuliko cha wangu.

Dada Mhasibu

Kama ni 2027, kuna jingine. Texas inataka uwe mkazi miezi 12 kabla ya kukutoza ada ya wenyeji chuoni. Mkihama akiwa anamaliza, anaweza kuangukia katikati, Minnesota imeshamhesabu mgeni na Texas bado haijamhesabu mwenyeji. Nimeiona kwa wateja wangu. Akisomea huko kwenu ana ada ya mwenyeji, na kuna makubaliano na Wisconsin na Dakota zote mbili, akivuka mpaka hatozwi bei ya mgeni.

Hameni sasa hivi au msubiri aingie chuo. Msihame katikati.

Mzee wa Theluji

*(wiki tatu baadaye)*

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi kwenye PM, ujumbe wa faragha.

Tulikaa jikoni mimi na mama watoto, nikamsomea uzi wote, mpaka matusi ya Sauti ya Nyikani. Ile hesabu ya dada aliisikiliza kimya. Ya bata wa kijivu alisema angejua nitaiandika hadharani asingenisindikiza kwenye birthday. Ya mtoto wa Iowa aliomba nirudie.

Kijana wetu mkubwa alikuwa ngazini, kumbe anasikiliza. Akasema bila kushuka: "Mkienda, mimi nabaki kwa rafiki yangu mpaka nimalize." Hatukumjibu.

Leo nimepeleka gari kubadilishwa betri kabla ya Desemba. Fundi akaniuliza ya kawaida au ya baridi kali, nikalipia ya baridi kali, na ile ina dhamana ya miaka mitatu.

Mgosi wa Dallas

Miaka mitatu. Jibu tumelipata, mzee, wala usihangaike kuandika zaidi.

Krismasi basi njooni, nyama ipo, joto lipo, na shemeji yako wa Arlington nimeshaonana naye. Ila ule mchezo wa watoto, huku kwetu utachezwa kwa sheria za Texas.

Mzee wa Theluji

Tunakuja. Lakini kwa hilo la bata, kaka, tutaanza kukosana mapema.